Kupandisha kasi ya prosesa na RAM: njia nne zikilinganishwa kwa watumiaji wa Arusha na Moshi

Kila anayemiliki kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa vifaa vya kuchagua, iwe ni ya kuhariri video za harusi Kijenge, ya kuchorea ramani za nyumba Njiro au ya kuchezea magemu chumbani Soweto ya Moshi, anaweza kuingia kwenye mipangilio ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) na kubadilisha kasi ya prosesa na RAM. Wengi hukwama hapo. Wamesikia kwamba kuna kasi ya bure, wamesikia pia kwamba prosesa huungua, na hawajapata mtu wa kuwawekea mambo yote mawili mezani kwa pamoja. Makala hii inalinganisha njia nne, kuanzia kuacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani hadi kupanga kila namba kwa mkono. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: pima kwanza kosa litakugharimu nini kwenye kazi unayoifanya, ndipo utazame ukubwa wa kasi, kwa sababu kasi huonekana ndani ya dakika chache, ilhali faili lililoharibika huweza kugundulika baada ya miezi, mteja akiwa amekwisha kulipa na picha za asili zimekwisha kufutwa.

Hakikisha kwanza kwamba mashine yako inaruhusu

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa katika miji hii miwili ni za mtumba, zilizotumika maofisini nje ya nchi, na mifano inayoonekana sana ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni mashine za kutumainiwa, lakini BIOS zake (programu ndogo ya mazabodi inayoiwasha kompyuta na kushika mipangilio yake) zimefungwa: hazina ukurasa wa kupandisha kasi ya prosesa, na hata ukichomeka RAM ya kasi kubwa itaendeshwa kwa kiwango cha kawaida. Aliye na mashine ya namna hii asikeshe akitafuta mpangilio usiokuwepo. Fedha yake itamfaa zaidi akiongeza kipande cha pili cha RAM ili viwili vifanye kazi sambamba, au akiondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD.

Kwa mashine za vifaa vya kuchagua, ruhusa hutokana na prosesa na chipuseti ya mazabodi (chipu inayosimamia mawasiliano ya vifaa vyake) kwa pamoja. Upande wa Intel, prosesa inayokubali kupandishwa huwa na herufi K mwishoni mwa jina lake, nayo huhitaji mazabodi yenye chipuseti ya herufi Z, kama Z690 au Z790. Chipuseti za B560, B660 na B760 huruhusu kupandisha kasi ya RAM lakini hazigusi kizidishi cha prosesa (namba inayozidishwa na kloki, yaani mapigo ya msingi, kupata kasi yake), na H610 hairuhusu lolote kati ya hayo mawili. Upande wa AMD, karibu prosesa zote za Ryzen za mezani ziko wazi, isipokuwa chache kama Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, na mazabodi za B450, B550, B650 na za herufi X huruhusu kazi hii, ilhali A320 na A520 huifungia prosesa. Soma jina la mazabodi kwenye ubao wenyewe, kwa kawaida karibu na nafasi za kadi, wala usitegemee kilichoandikwa kwenye risiti.

Vigezo vya kulinganishia

Njia zote nne nitazipima kwa mambo yale yale: faida katika kazi halisi, joto na umeme, usalama wa mafaili, na kazi ya kupanga pamoja na urahisi wa kurudi nyuma. Kisha nitasema kila njia inamfaa nani.

Kigezo cha joto na umeme kinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndicho kinachotofautiana na maelekezo tunayoyasoma kutoka nchi nyingine. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka sawasawa na kasi, lakini huongezeka kwa mraba wa volteji. Ukipandisha kasi kwa asilimia 10 na ukalazimika kupandisha volteji pia kwa asilimia 10, matumizi hayaongezeki kwa asilimia 20, bali kwa takriban 33, na yote hugeuka joto linalopaswa kutolewa na kipozeo. Kwa upande wa LUKU hesabu ni nyepesi: kila wati 100 za ziada zikitumika saa 10 ni uniti moja.

Hapo ndipo mahali tunapoishi huingia. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani, na feni inayozunguka kwa mwendo ule ule husukuma hewa pungufu kwa uzito, kwa hiyo huondoa joto pungufu. Baridi ya Juni na Julai hufidia hilo, tena sana, kwa sababu joto la prosesa huhesabiwa kuanzia joto la chumba. Moshi mambo yamegeuka: mji uko chini ya mita 1,000, hewa ni nzito kidogo, lakini chumba chenye bati bila dari mwezi Februari huwa na joto ambalo hakuna feni inayoweza kulishusha. Mipangilio iliyothibitishwa Sakina mwezi Julai haijathibitishwa kwa Pasua mwezi Februari. Ongeza vumbi la kiangazi linaloziba mapezi ya kipozeo, na utaona kwa nini ni busara kuacha nafasi ya nyuzi 10 au zaidi chini ya ukomo wa prosesa yako.

Njia ya kwanza: kuacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani

Faida. Prosesa za leo hazikai kwenye kasi moja. Ryzen 5 5600, kwa mfano, imeandikwa 3.5 GHz lakini hujipandisha yenyewe hadi 4.4 GHz pale joto na umeme vinaporuhusu, na Intel imekuwa na mfumo wa aina hiyo, Turbo Boost, tangu mwaka 2008. Sifa nyingi za kupandisha kasi zinazosimuliwa hadi leo zilizaliwa kabla ya hapo. Mwaka 1998 prosesa ya Celeron 300A, iliyouzwa kama ya 300 MHz, ilifika 450 MHz kwa watu wengi kwa kubadilisha kloki ya mazabodi kutoka 66 hadi 100, ongezeko la nusu nzima. Nafasi kubwa kama hiyo siku hizi kiwanda kimekwisha kuitumia kabla prosesa haijakufikia. Kinachobaki nyuma katika njia hii ni RAM: kipande cha DDR4 (aina ya RAM) kilichoandikwa 3200 mara nyingi huamka kikiwa kwenye 2133, 2400 au 2666, na mwenye mashine huenda asijue kamwe.

Joto na umeme. Hapa ndipo joto huwa dogo na linalotabirika, mradi mazabodi inafuata viwango vya mtengenezaji wa prosesa. Sharti hilo lina uzito. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volteji ya juu kupita kiasi na kuchakaa mapema, ikatoa marekebisho ya msimbo wa ndani, likiwemo 0x129 la Agosti mwaka huo, na ikaongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho hayo hufika kupitia toleo jipya la BIOS, na prosesa iliyokwisha kudhurika haiponywi nayo. Anayenunua prosesa ya vizazi hivyo kwa mtu, na hasa za daraja la i7 na i9, aulize kwanza ilikuwa kwenye BIOS ya lini.

Usalama wa mafaili. Ni mkubwa kuliko njia nyingine zote.

Kazi na kurudi nyuma. Hakuna cha kupanga isipokuwa kuweka BIOS mpya, kazi ya dakika chache ambayo umeme ukikatika katikati yake huweza kuiacha mazabodi ikiwa haiwaki kabisa. Usiifanye bila UPS yenye betri inayoshika, na kama mazabodi yako ina kitufe cha kurejesha BIOS kwa flashi, jifunze kukitumia kabla hujakihitaji.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye duka la steshenari, mhasibu, mwanafunzi anayeandika tasnifu, na yeyote ambaye kompyuta yake ikigoma asubuhi hana ya pili.

Njia ya pili: kuwasha profaili ya RAM peke yake

Faida. Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo inayohifadhi namba ambazo mtengenezaji amezijaribu: kasi, taimingi (muda wa kusubiri kati ya hatua za RAM) na volteji. Mpangilio huo, yaani profaili, huitwa XMP kwa Intel, EXPO kwa AMD kwenye DDR5, na mazabodi za ASUS za Ryzen za DDR4 huuita DOCP. Ukiuwasha, RAM iliyokuwa ikienda kwa 2133 inapanda hadi 3200 iliyolipiwa. Kwa vipande viwili, njia ya data inapanuka kutoka takriban gigabaiti 34 kwa sekunde hadi 51. Muda wa kusubiri nao hupungua: DDR4 ya 2133 yenye CL15 (CL ni idadi ya mapigo ya kusubiri kabla data haijatoka) humfanya msomaji wa data asubiri takriban nanosekunde 14, na ile ya 3200 yenye CL16 nanosekunde 10, ingawa namba ya CL inaonekana kubwa zaidi. Wanaonunua RAM kwa kutazama CL pekee hupotea hapo.

Anayefaidika kuliko wote ni mtu asiye na kadi ya grafiki. Prosesa kama Ryzen 5 5600G hutumia RAM ya kawaida kama kumbukumbu ya picha, kwa hiyo kila ongezeko kwenye RAM huonekana moja kwa moja kwenye gemu. Kwa prosesa za Ryzen 5000 hakuna sababu kubwa ya kuvuka DDR4-3600, kwa kuwa juu ya hapo njia ya ndani inayounganisha viini (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) na RAM kwa kawaida hushindwa kwenda nayo sambamba. Kwa Ryzen 7000 kiwango kinachopendekezwa na wengi ni DDR5-6000.

Joto na umeme. Nyongeza ni ndogo. DDR4 hutoka volti 1.2 kwenda 1.35, na haihitaji kipozeo kipya. Lakini kuna volteji nyingine isiyoonekana kwa urahisi, ile ya sehemu ya prosesa inayosimamia RAM. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000, hasa zenye jina la X3D, ziliungua kwenye soketi zake, na AMD ikaagiza volteji hiyo isizidi volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Mwenye mazabodi ya AM5, soketi ya Ryzen 7000 hizo, aliyeinunua mapema asiwashe EXPO kabla ya kuweka BIOS ya baada ya tukio hilo.

Usalama wa mafaili. Hapa nataka kusema polepole, kwa kuwa njia hii huchukuliwa kuwa haina hatari yoyote. RAM isiyo imara haitangazi kosa lake. Prosesa ikizidiwa, kompyuta huganda au hujizima, nawe unajua. RAM ikikosea biti moja, picha inahifadhiwa ikiwa na mstari wa rangi, faili lililobanwa halifunguki, au mfumo unaharibika kidogo kidogo kila unapojisasisha. Profaili imejaribiwa na mtengenezaji wa RAM, haikujaribiwa kwenye prosesa yako wala mazabodi yako, na vipande vinne huisumbua prosesa kuliko viwili. Kuchanganya kipande kilichonunuliwa mwaka jana na kingine cha leo, hata kama chapa ni ile ile, ni chanzo kikubwa cha matatizo, na ndivyo wengi wetu tunavyoongeza RAM: moja sasa, nyingine fedha ikipatikana. Pima kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, angalau mizunguko minne, nayo ikimaliza bila kosa hata moja. Kosa moja si dogo. Shusha kasi hatua moja, kwa mfano kutoka 3200 hadi 2933, upime tena.

Kazi na kurudi nyuma. Kuwasha ni dakika moja, kupima ni usiku mmoja. Kwenye DDR5 utahitaji subira zaidi: baada ya kubadilisha profaili, mazabodi hujifunza RAM upya na skrini huweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Watu huchomoa waya wakidhani kompyuta imekufa, wakalazimisha kazi hiyo ianze upya. Iache.

Kuna pia kasoro inayotusumbua sisi tunaozima umeme ukutani kila jioni. BIOS hukumbuka mipangilio kwa betri ndogo ya CR2032, na betri hiyo hutumika pale tu waya unapokosa umeme. Kwenye mashine inayochomolewa kila siku, au mahali umeme unapokatika mara kwa mara, huisha mapema. Dalili ya kwanza ni tarehe kurudi nyuma na tovuti kukataa kufunguka kwa madai ya usalama. Isiyoonekana ni kwamba profaili imezima na RAM imerudi 2133. Badilisha betri kabla ya kulaumu RAM.

Inamfaa nani. Inamfaa karibu kila mwenye mashine ya kuchagua anayekubali kuipima usiku mmoja, na hasa mcheza magemu asiye na kadi ya grafiki.

Njia ya tatu: kuipa prosesa nafasi na kupunguza volteji

Faida. Katika njia hii hupangi kasi. Unaongeza au kupunguza mipaka ambayo ndani yake prosesa hujiamulia. Kwa AMD mpangilio ni Precision Boost Overdrive, na ndani yake kuna Curve Optimizer, inayoruhusu kupunguza volteji ya kila kiini kwa hatua ndogo. Kiini kinachohitaji volteji pungufu hubaki baridi zaidi, na kwa kuwa ni baridi zaidi hujipandisha na kukaa juu muda mrefu. Kwa Intel unaweza kubadilisha mipaka ya wati hata kwenye mazabodi nyingi za herufi B, ingawa kupunguza volteji kumefungwa kwenye baadhi ya prosesa. Faida katika kurenda video (kutoa video iliyokamilika) ni asilimia chache, na katika magemu huwa ndogo zaidi ya hapo pale kadi ya grafiki ndiyo iliyozidiwa.

Joto na umeme. Hii ndiyo njia inayokwenda pande mbili, na kwa mazingira yetu upande wa kushuka una thamani kubwa. Ryzen 9 7950X ina kiwango cha wati 170 na huruhusiwa kufika 230, ikikimbilia nyuzi 95 kwa makusudi. Ukiiweka kwenye Eco Mode ya wati 65, inakomea wati 88, na kwa kazi nyingi bado ni prosesa yenye nguvu sana. Kwa studio ya Moshi isiyo na kiyoyozi, au ofisi inayotegemea inveta na betri umeme unapokatika, kupunguza wati kunaweza kuwa na faida kuliko kuongeza. Nashangaa jambo hili linavyozungumzwa kidogo.

Usalama wa mafaili. Ni wa wastani, na una mtego wake. Volteji iliyopunguzwa kupita kiasi mara nyingi hufaulu majaribio mazito na kushindwa kompyuta ikiwa imetulia, kwa kuwa ni wakati wa kazi nyepesi kiini kimoja kinapojipandisha hadi kilele chake. Mtu hurenda saa mbili bila shida, kisha mashine inajiwasha upya akisoma barua pepe. Kipimo sahihi hapa ni kile kinachojaribu kiini kimoja kimoja, kama CoreCycler, na kufuatilia makosa ya vifaa yaliyoandikwa WHEA kwenye kumbukumbu za matukio za Windows kwa wiki kadhaa.

Kazi na kurudi nyuma. Kupanga ni rahisi, kuthibitisha ni kirefu. Kurudi ni rahisi.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye prosesa mpya ya Ryzen aliye na subira, na yeyote ambaye tatizo lake la kwanza ni joto, kelele ya feni au uniti za umeme.

Njia ya nne: kupanga kizidishi, volteji na taimingi kwa mkono

Faida. Hii ndiyo ovakloki kwa maana yake ya zamani. Kloki ya msingi ni 100 MHz. Ukiweka kizidishi cha 45 kwa viini vyote, prosesa inakwenda 4.5 GHz daima, na wewe ndiwe unayeamua volteji. Kwa prosesa za zamani faida ni kubwa kweli. Core i5-2500K ya mwaka 2011 ina kasi ya msingi ya 3.3 GHz, na nyingi zilifika 4.5 GHz kwa kipozeo kizuri cha hewa. Aliyeikuta kwenye mtumba ikiwa na mazabodi ya P67 au Z68 ana kitu cha kufurahia na cha kujifunzia.

Kwa prosesa mpya hesabu hubadilika. Ryzen 5 5600X hujipandisha hadi 4.6 GHz kwenye kiini kimoja. Ukiifunga kwenye 4.5 kwa viini vyote, kurenda kunaongezeka kasi kidogo, lakini programu zinazotegemea kiini kimoja, na nyingi za kuchorea majengo ni za namna hiyo, zinapungua. Kwa maoni yangu taimingi za RAM zinazopangwa kwa mkono ndizo zinazolipa zaidi katika njia hii leo, hasa kwa magemu yanayotegemea prosesa, ingawa kila badiliko linahitaji kipimo chake.

Joto na umeme. Hapa ile kanuni ya mraba wa volteji huuma. Kipozeo kilichokuja na prosesa hakitoshi. Pawasaplai dhaifu, zile nyepesi zinazouzwa pamoja na kesi, hazifai hata kujaribiwa. Volteji ya juu huongeza mzigo kwenye sehemu za mazabodi zinazoandaa volteji, na mazabodi za bei ya chini zisizo na bati la kupozea sehemu hizo huzidiwa kabla prosesa yenyewe haijafika kikomo. Kesi lazima iwe na feni ya kuingiza na ya kutoa, na isafishwe kwa bloa mara kwa mara wakati wa kiangazi.

Usalama wa mafaili. Ni mdogo kuliko njia zote hadi utakapothibitisha kinyume. Pima kwa Prime95 na OCCT kwa prosesa, MemTest86 kwa RAM, na HWiNFO ikionyesha joto muda wote. Panda kwa kizidishi hatua moja moja, usiguse RAM na prosesa siku moja, la sivyo ikianguka hutajua kilichoiangusha.

Kazi na kurudi nyuma. Kazi ni ya siku nyingi. Madhara yanayotokana na ovakloki hayamo kwenye waranti za AMD wala za Intel, na muuzaji atakayegundua hatakubadilishia. Kurudi nyuma ni lazima ukujue kabla ya kuanza, kwa sababu kuna siku skrini haitawaka. Mazabodi nyingi hujaribu mara kadhaa zikarudi zenyewe kwenye mipangilio ya kiwandani. Isiporudi, zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au CLRTC karibu na betri na uziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa takriban sekunde 10. Mazabodi isiyo na pini zinazofikika, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache. Piga picha ya mipangilio yako kwa simu kabla ya hapo, kwa kuwa yote itafutika.

Inamfaa nani. Inamfaa mwanafunzi wa ufundi anayetaka kuelewa mashine, mwenye prosesa ya zamani ya K, na mtu mwenye kompyuta ya pili kwa ajili ya kazi za kila siku.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa unahariri harusi au picha za watalii na mteja anasubiri, washa profaili ya RAM, ipime usiku mmoja mwanzoni mwa kiangazi na usiku mwingine wakati wa joto, na uishie hapo. Nakala ya pili ya kazi kwenye diski ya nje ina thamani kuliko asilimia chache za kurenda. Kama prosesa yako ni ya wati nyingi na chumba kina joto, ongeza njia ya tatu kwa upande wa kushusha wati.

Ukicheza magemu kwa prosesa yenye grafiki ya ndani, hakikisha kwanza una vipande viwili vya RAM, kisha profaili, na kama mazabodi inaruhusu, jaribu kusogeza kasi ya RAM zaidi kwa mkono. Ukiwa na kadi ya grafiki ya wastani, tazama kwanza ni kipi kinachofika asilimia 100 wakati wa gemu. Kama ni kadi, kugusa prosesa hakutakuongezea kitu.

Ukiwa mchoraji wa majengo au mhandisi, linda kasi ya kiini kimoja: profaili ya RAM na Curve Optimizer ya hatua ndogo, bila kufunga viini vyote kwenye kasi moja. Ukiwa na mashine ya mtumba ya ofisini, nunua RAM ya pili na SSD, na usinunue mazabodi ya Z kwa ajili ya prosesa isiyo na herufi K.

Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, UPS hutangulia njia zote nne, hata kabla ya kipozeo kipya. Na kama kompyuta ni moja nyumbani, inatumiwa na wewe kwa magemu, na dada yako kwa tasnifu yake ya chuo, iache kwenye mipangilio ya kiwandani hadi atakapokabidhi kazi yake, kisha uanze na profaili ya RAM.